Redfern: Ardhi iliyonunuliwa na wenyewe

Kutoka kituo kikuu cha treni cha Sydney hadi Redfern ni kituo kimoja tu, safari ya dakika chache. Wanaoshuka hapo siku hizi ni wanafunzi wanaokwenda Chuo Kikuu cha Sydney, wafanyakazi wa benki ambao ofisi zao ziko kwenye eneo la karakana za zamani za reli, na vijana waliohamia mjini kutafuta maisha. Ng'ambo ya barabara limesimama ghorofa la wanafunzi lenye sakafu 24, na jirani yake nyumba mpya 62 zilizojengwa kwa ajili ya familia za Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia. Eneo hilo linaitwa The Block. Ukilizunguka kwa miguu, robo saa haiishi. Hata hivyo, mengi ambayo Waaborijini wanayahesabu leo kuwa ni yao, kuanzia wakili wa kuwatetea mahakamani bila malipo hadi zahanati inayoendeshwa na watu wao wenyewe, yalianzia Redfern. Na walioyaanzisha hawakuwa na fedha wala vyeo.

Mtaa huu una wakazi kama 13,000. Katika jiji la watu zaidi ya milioni tano, hiyo ni idadi ndogo. Lakini ukimtajia Mwaustralia yeyote aliyevuka miaka 40 jina la Redfern, atakuwa na la kusema: kuhusu raga, kuhusu polisi, kuhusu hotuba ya waziri mkuu, au kuhusu usiku wa moto na mawe. Kila mmoja ana Redfern yake, na mara nyingi wale wanaoizungumzia kwa sauti kubwa ndio ambao hawajawahi kuishi hapo.

Kabla ya reli na matofali, hapa palikuwa na vilima vya mchanga, vichaka na vidimbwi vya maji, katika ardhi ya Wagadigal, mojawapo ya koo za pwani ya Sydney. Meli za kwanza za Waingereza, zikiwa zimejaa wafungwa, zilitia nanga Januari 1788. Mwaka uliofuata ndui ikawaingia wenyeji na kuwafyeka. Maofisa wa Kiingereza waliandika wakati huo kwamba ukoo wa Gadigal ulibaki na watu watatu. Hapakuwa na mkataba wala malipo. Sheria ya wageni ilichukulia kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe, na dhana hiyo haikuvunjwa na Mahakama Kuu ya Australia hadi Juni 1992, katika kesi ya Eddie Mabo na wenzake wa visiwa vya Torres Strait.

Jina la mtaa limetoka kwa mtu ambaye maisha yake yanastahili riwaya. William Redfern alikuwa msaidizi wa daktari katika jeshi la majini la Uingereza mwaka 1797, mabaharia walipoasi kwenye mlango wa mto Thames kwa sababu ya mishahara duni na chakula kibovu. Kosa lake ni kwamba aliwashauri waasi washikamane zaidi. Alihukumiwa kunyongwa, akapunguziwa adhabu ikawa kifungo cha maisha, na baada ya miaka minne gerezani akasafirishwa hadi New South Wales, akafika mwaka 1801. Miaka miwili baadaye alisamehewa. Koloni lilikuwa na njaa ya madaktari, na yeye alikuwa hodari. Mwaka 1814 aliandika taarifa kuhusu vifo vya wafungwa ndani ya meli zilizokuwa zikitoka Uingereza: uchafu, msongamano, hewa nzito, chakula kilichopunjwa. Alitaka kila meli iwe na daktari mwenye mamlaka ya kweli. Mapendekezo yake yalifuatwa, na maisha ya watu wengi yakaokoka. Mwaka 1817 Gavana Lachlan Macquarie akamzawadia ekari 100 kusini mwa mji.

Naomba zile ekari 100 msomaji azikumbuke. Mfungwa aliyenusurika kitanzi alipewa ardhi kwa karatasi moja yenye saini ya gavana, na hakuna aliyewauliza Wagadigal. Historia ya Redfern iliyobaki, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya nani ana karatasi na nani hana.

Reli ya kwanza ya Sydney ilifunguliwa mwaka 1855, na mwisho wake wa upande wa jiji ulikuwa kwenye kingo za Redfern. Miaka ya 1880 serikali ikajenga karakana kubwa za Eveleigh, majengo marefu ya matofali ambamo vichwa vya treni vilitengenezwa, na kuanzia mwaka 1908 viliundwa humo humo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Katika siku zake za neema Eveleigh iliajiri watu zaidi ya 3,000. Wafanyakazi hao walihitaji pa kulala karibu na kazi, na ndipo zikajengwa zile nyumba nyembamba zilizobanana ukuta kwa ukuta, mtaa baada ya mtaa, zenye roshani za chuma cha nakshi mbele na choo uani. Moshi wa makaa ya mawe uliingia kila dirisha. Wahamiaji kutoka Lebanon walifungua maghala ya nguo na mapambo, na wachuuzi wao wakabeba masanduku ya bidhaa mgongoni hadi mashamba ya mbali. Kanisa lao la Kiorthodoksi bado liko hapo.

Agosti 1917 mafundi wa Eveleigh waliweka zana chini. Uongozi wa reli ulikuwa umeleta kadi za kuandika muda uliotumika kwa kila kazi, na mafundi waliona wanapimwa kama mashine. Mgomo ukaenea bandarini na migodini hadi kuwagusa karibu watu 100,000 nchi nzima, kisha baada ya wiki chache ukavunjwa. Wengi hawakurudishwa kazini, na waliorudishwa walipoteza vyeo vyao. Miongoni mwa mafundi wa Eveleigh waliogoma alikuwamo Joe Cahill, ambaye faili lake likatiwa alama kuwa ni mchochezi. Cahill akaja kuwa waziri kiongozi wa jimbo la New South Wales, na ni yeye aliyesukuma ujenzi wa jumba la opera la Sydney, lile lenye paa kama matanga ambalo dunia nzima inalijua kwa picha. Watalii wanaolipiga picha jengo hilo hawaambiwi kwamba aliyelipigania alikuwa mgomaji wa Redfern.

Waaborijini walikuja Redfern kwa sababu ya kazi, kwa sababu ya kodi nafuu, na kwa sababu walikuwa wanafukuzwa kwingine. Kuanzia mwaka 1909 bodi ya serikali ya jimbo ilikuwa na nguvu za kisheria juu ya maisha yao. Wasimamizi wa hifadhi walimowekwa Waaborijini waliamua nani aishi ndani na nani atolewe, nani apewe posho ya chakula na nani anyimwe. Bodi ilichukua watoto. Wasichana walipelekwa Cootamundra kufundishwa utumishi wa ndani, wavulana Kinchela, na wengi hawakuwaona tena wazazi wao. Bodi iliyoirithi ile ya kwanza haikuvunjwa hadi mwaka 1969. Kwa hiyo mama aliyeshuka treni Redfern miaka ya 1940 au 1950 akiwa na kikapu na anwani ya shangazi yake alikuwa anatafuta kibarua kiwandani, na mara nyingi alikuwa pia anatafuta mtoto.

Walijikuta wengi mahali pamoja. Eveleigh iliwaajiri. Viwanda vya Waterloo na Alexandria viliwaajiri. Wanaume wakaunda timu ya raga, Redfern All Blacks, ambayo chimbuko lake ni miaka ya 1930 na ambayo inahesabiwa kuwa klabu kongwe kuliko zote za raga ya Waaborijini. Watu wa koo zilizokuwa mbali mbali, kutoka mito ya magharibi na pwani ya kaskazini, wakawa majirani. Kura ya maoni ya Mei 1967, ambayo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura waliikubali, iliipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kutunga sheria kwa ajili ya Waaborijini na kuwaingiza katika hesabu ya watu. Vijana wa Redfern walisherehekea, kisha wakangoja mabadiliko, na yaliyowafikia kwanza yalikuwa makarandinga.

Kila Ijumaa na Jumamosi usiku polisi waliegesha magari nje ya Empress Hotel, baa ya Mtaa wa Regent ambako Waaborijini walikaribishwa, na kuyajaza watu. Mashtaka yalikuwa ya ulevi au lugha chafu. Asubuhi mtuhumiwa alisimama mbele ya hakimu peke yake, akakiri ili mambo yaishe, akarudi mahabusu. Vijana kama Paul Coe, Gary Williams na Gary Foley, waliokuwa wakisoma habari za wanaharakati weusi wa Black Panther wa Oakland huko Marekani, waliamua kufanya kitu rahisi: wakakaa nje ya baa na madaftari, wakaandika namba za magari ya polisi, saa, na kilichotendeka kwa kila aliyekamatwa. Kisha wakayapeleka madaftari hayo kwa wanasheria. Profesa Hal Wootten, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha New South Wales, aliwasikiliza. Mwaka 1970 likazaliwa shirika la msaada wa kisheria la Waaborijini, Aboriginal Legal Service, la kwanza la aina yake nchini. Mawakili walijitolea kwa zamu, wakati mwingine wakiamshwa usiku wa manane kwenda kituo cha polisi. Mfano huo ulienea nchi nzima.

Bob Bellear alikuwa mmoja wa walioyaona mambo hayo kwa macho yao. Alikuwa ametoka jeshi la majini, na ukatili alioushuhudia Redfern ulimfanya aende kusoma sheria akiwa mtu mzima. Mwaka 1996 akawa jaji wa kwanza Mwaborijini wa Australia. Alipofariki mwaka 2005 serikali ya jimbo ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Siwezi kuandika kuhusu Redfern bila kumtaja Mum Shirl. Jina lake halisi ni Colleen Shirley Smith, aliyezaliwa mwaka 1921 katika hifadhi ya Erambie, Cowra. Alikuwa na kifafa, na shule haikumfundisha kusoma. Alianza kwa kumtembelea kaka yake gerezani, na kaka alipoachiwa akaendelea kuwatembelea wengine ambao hawakuwa na wa kuwatembelea. Askari magereza walipomuuliza mfungwa fulani ni nani wake, alijibu kwamba yeye ni mama yake, na jina likamshika. Alilea watoto zaidi ya 60 wa watu wengine. Alikaa katika vikao vya kuanzisha shirika la sheria, zahanati na nyumba za The Block, mwanamke asiyejua kusoma katikati ya maprofesa, na maprofesa walimsikiliza. Alifariki mwaka 1998. Kwetu tunawajua wanawake wa namna hiyo. Kila mtaa maskini una wa kwake, na ni wachache wanaoingia kwenye vitabu.

Zahanati ilifunguliwa Julai 1971, katika chumba cha duka kwenye Mtaa wa Regent. Watoto wa Redfern walikuwa wakiugua magonjwa ya njaa katika mojawapo ya nchi tajiri duniani, na wazazi wao walikwepa hospitali za jiji kwa sababu ya namna walivyopokelewa. Gordon Briscoe na wenzake walimwendea Fred Hollows, daktari wa macho mzaliwa wa New Zealand, ambaye aliwaita madaktari wenzake kujitolea. Dulcie Flower, muuguzi mwenye asili ya visiwa vya Torres Strait, alikuwa miongoni mwa walioiweka sawa. Kilichoifanya zahanati ile iwe tofauti ni uongozi wake: bodi ilikuwa ya Waaborijini, wao waliajiri na wao waliamua. Walipoona mtoto amekonda hawakuishia kuandika dawa, walipeleka matunda na mboga nyumbani kwake. Kwa miongo mingi zahanati iliongozwa na Naomi Mayers, ambaye katika ujana wake alikuwa mwimbaji wa kundi la The Sapphires. Leo Australia ina mashirika zaidi ya 140 ya afya yanayoendeshwa na jamii za wenyeji wenyewe, na yote yamefuata njia ya kile chumba cha duka.

Hollows hakuishia Redfern. Kuanzia mwaka 1976 aliongoza timu iliyozunguka vijiji vya ndani kabisa vya Australia, ikapima macho ya watu zaidi ya 100,000, maelfu kati yao wakiwa na vikope, ugonjwa ambao nchi nyingine tajiri zilikuwa zimeusahau. Baadaye alikwenda Eritrea wakati wa vita vya ukombozi, akaona wapiganaji na wakulima waliopofushwa na mtoto wa jicho, akaazimia kwamba lenzi za bandia zitengenezwe huko huko kwa bei ambayo maskini anaimudu. Alifariki Februari 1993, na mwaka uliofuata kiwanda cha lenzi kilifunguliwa Asmara. Taasisi yenye jina lake imefanya kazi pia Kenya, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Mzee wa Kenya anayefunguliwa bandeji na kumwona mjukuu wake hajui kwamba safari ya tiba ile ilipitia mtaa wa makabwela wa Sydney, lakini ilipitia huko.

Miaka hiyo mitatu minne ilikuwa na kasi ya ajabu. Usiku wa kuamkia Januari 26, 1972, vijana wanne, Michael Anderson, Billy Craigie, Tony Coorey na Bertie Williams, walitoka Redfern kwa gari hadi Canberra na kusimika mwavuli wa ufukweni kwenye nyasi mbele ya bunge. Serikali ilikuwa imekataa kutambua haki ya ardhi. Wao wakasema kwamba kama ni wageni katika nchi yao, basi wanahitaji ubalozi. Mwavuli ukawa hema, hema likawa mahema. Ubalozi huo wa mahema, ingawa uliwahi kuvunjwa na polisi zaidi ya mara moja, uko Canberra mpaka sasa. Mwaka huo huo Redfern ilipata ukumbi wa maigizo wa watu weusi. Na mwaka 1971 wanaume wachache, waliokuwa wakikutana katika baa ya Clifton, walikuwa wameshaanzisha mashindano ya raga ya Koori Knockout, ambayo kila mwishoni mwa wiki ndefu ya Oktoba huwakusanya maelfu ya Waaborijini wa jimbo zima.

Nyumba ndizo zilizokuwa tatizo gumu kuliko yote. Wamiliki waliwakatalia Waaborijini vyumba, au waliwapa vibovu kwa kodi ya juu. Mwishoni mwa mwaka 1972 watu wasio na makazi waliingia katika nyumba tupu za Mtaa wa Louis, ambazo mwekezaji alikuwa amezinunua ili azikarabati na kuwauzia wenye uwezo. Polisi wakawakamata. Padri Ted Kennedy wa parokia ya Mtakatifu Vincent akawafungulia nyumba ya mapadri, wakalala sakafuni kwa makumi. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi kikatangaza kwamba hakuna mwanachama wake atakayegusa matofali ya nyumba zile mpaka jambo liishe. Mwekezaji akabaki na nyumba asizoweza kuzijenga. Desemba 2 mwaka huo chama cha Labor cha Gough Whitlam kikashinda uchaguzi, na mwaka 1973 serikali yake ikatoa ruzuku ya zaidi ya dola 500,000. Kampuni ya nyumba ya Waaborijini, Aboriginal Housing Company, ikiwa na Bellear kama mwenyekiti, ikanunua nyumba za kwanza. Iliendelea kununua, moja moja, kwa miaka 20, mpaka The Block nzima ikawa yake.

Jirani na zile ekari 100 zilizotolewa bure mwaka 1817, wenyeji walilipia ardhi ya nchi yao kwa bei ya soko. Ni dhuluma, na sitaipamba. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu meli za 1788, Waaborijini wa mjini walikuwa na hati yenye jina lao.

Desemba 10, 1992, miezi sita baada ya hukumu ya Mabo, Waziri Mkuu Paul Keating alikuja Redfern Park kuzindua mwaka wa kimataifa wa watu wa asili. Hotuba aliandikiwa na Don Watson. Kundi la watu lilikuwa na kelele, na wengine walimzomea mwanzoni, kwa kuwa Redfern ilikuwa imeshasikia wanasiasa wengi. Kisha Keating akaanza kusema kwamba ni wao, Waaustralia wasio wenyeji, walionyang'anya ardhi, walioleta maradhi na pombe, walioua, waliowachukua watoto kutoka kwa mama zao. Na kwamba walifanya hayo kwa kutojiuliza wangejisikiaje kama wangetendewa wao. Kelele zikapungua, makofi yakaanza. Hakuna waziri mkuu aliyewahi kulisema jambo hilo waziwazi hivyo. Serikali ya Australia iliomba radhi rasmi bungeni Februari 2008, na siku hiyo watu wa Redfern waliitazama kwenye skrini kubwa, wakilia.

Uwanja wa Redfern Park ni wa raga pia. Klabu ya South Sydney ilianzishwa mwaka 1908 katika ukumbi wa manispaa ya Redfern, na sungura ndiye nembo yake. Mwaka 1999 wakubwa wa ligi waliitupa nje kwa sababu za kibiashara. Mashabiki, wafanyakazi wa bandarini, bibi vizee, Waaborijini na Walebanoni, wakaandamana katikati ya jiji kwa makumi elfu, wakaenda mahakamani, na mwaka 2002 klabu ikarudi ligini. Mwaka 2014 ilitwaa ubingwa baada ya miaka 43 ya ukame, kwa kuifunga Canterbury 30 kwa 6. Waliokuwa mitaani usiku ule wanasema hawajawahi kuiona Redfern ikifurahi vile.

Lakini katikati ya miaka ya furaha kulikuwa na miaka mibaya mno, na anayeipenda Redfern hana budi kuisema. Viwanda vilifungwa. Eveleigh ilizima tanuri zake mwishoni mwa miaka ya 1980, na ajira za mikono zikaondoka nayo. Unga ukaingia. The Block ikawa soko la wazi la heroini, wanunuzi wakija kwa treni kutoka pande zote za jiji, na sindano zikatapakaa pale watoto walipochezea. Nyumba zilichakaa kuliko uwezo wa kampuni kuzitengeneza, na kampuni yenyewe ikaanza kuzibomoa na kuhamisha familia. Baadhi ya wakazi hawajaisamehe hadi leo.

Februari 2004 kijana wa miaka 17, Thomas Hickey, aliyejulikana kama TJ, alianguka kutoka kwenye baiskeli yake na kuchomwa na nondo za uzio, akafariki. Familia ilisema polisi walikuwa wakimkimbiza. Polisi walikana, na mahakama ya uchunguzi wa vifo haikuwatia hatiani. Usiku uliofuata vijana walirusha mawe, chupa na mabomu ya petroli kuzunguka kituo cha treni kwa saa kadhaa, na maofisa wa polisi kadhaa wakaumia. Picha zile zilizunguka dunia, na kwa watu wengi hiyo ndiyo ikawa Redfern nzima. Kila Februari familia na marafiki bado huandamana, wakidai uchunguzi ufunguliwe upya.

Baada ya hapo mji ulimeza mtaa kwa kasi. Karakana za Eveleigh zikawa kituo cha sanaa cha Carriageworks, chenye soko la wakulima kila Jumamosi, na upande wa pili wa reli zikawa ofisi. Zile nyumba nyembamba za mafundi wa reli, ambazo zamani mwenye nazo aliona aibu kutaja anwani, sasa huuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Waaborijini waliokuwa wapangaji wakasukumwa kwenda vitongoji vya magharibi, Mount Druitt na Campbelltown, safari ya saa nzima kwa treni. Katika sensa za karibuni, Waaborijini ni asilimia chache tu ya wakazi wa Redfern.

The Block ilibaki kiwanja kitupu kwa miaka. Kampuni ya nyumba ilitaka kuanza na maduka na hosteli ili ipate fedha za nyumba za familia. Mei 2014 mama mmoja mwanaharakati, Jenny Munro, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa harakati za makazi pale, alipiga hema kwenye kiwanja na kukataa kuondoka: nyumba za familia kwanza, maduka baadaye. Alikaa yeye na wenzake zaidi ya mwaka, baridi na mvua, mpaka Agosti 2015 serikali ya shirikisho ilipotoa dola milioni tano kuwezesha nyumba 62. Mradi ulipewa jina la Pemulwuy, shujaa aliyepigana na Waingereza kuanzia miaka ya 1790 hadi alipouawa mwaka 1802. Kodi ya lile ghorofa la wanafunzi inasaidia kuzitunza nyumba za familia. Wapo wanaosema ni biashara iliyosaliti ndoto ya 1973, kwamba wanafunzi wa kigeni ni wengi pale kuliko wenyeji. Nawaelewa. Lakini mama Munro na kampuni aliyogombana nayo walikuwa wanabishana juu ya matumizi ya ardhi yao wenyewe, na ugomvi wa namna hiyo ni bora mara elfu kuliko ule wa kumsihi mwenye nyumba.

Hatua chache kusini, huko Waterloo, maelfu ya wapangaji wa nyumba za serikali, wakiwamo Waaborijini wengi waliobaki eneo hili, wamekuwa wakiishi na tangazo la Desemba 2015 kwamba mtaa wao utabomolewa na kujengwa upya kwa awamu. Wao hawana hati. Wana ahadi kwamba watarudi.

Serikali nyingi zimemwaga fedha Redfern tangu enzi za Whitlam: kwa polisi, kwa mamlaka za uendelezaji, kwa tume na taarifa. Kwa hukumu yangu, hakuna fedha zilizofanya kazi kubwa kama zile dola laki tano na ushei za mwaka 1973, kwa sababu ndizo pekee zilizonunua ardhi na kuiandika kwa jina la waliokuwa wakiishi juu yake.